Jeshi Likivuka Mpaka, Bunge Liulizwe

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara mbili ambazo mtu akizisoma kwa pamoja hubaki na swali. Ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita kati ya nchi yetu na nchi nyingine, lakini inamtaka apeleke nakala ya tangazo hilo kwa Spika, na Spika naye anapaswa kuitisha mkutano wa Bunge ndani ya siku 14 ili wabunge wajadili na waamue kama wanaliunga mkono tangazo au hapana. Ibara ya 148 inamzungumzia Rais huyo huyo akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na inasema anaweza kuyaamuru majeshi yashiriki katika ulinzi wa nchi, katika kuokoa maisha na mali wakati wa dharura, na katika shughuli nyingine anazoona ni za lazima, ndani au nje ya Tanzania. Humo hamna siku 14 wala nakala kwa Spika. Maana yake ni kwamba tukienda kupigana kwa jina la vita, wawakilishi wetu wataulizwa. Tukienda kupigana kwa jina la msaada, hakuna anayelazimika kuwauliza. Askari anayepigwa risasi Goma nchini Kongo au Cabo Delgado nchini Msumbiji hapati jeraha jepesi zaidi kwa sababu karatasi zinasema alikwenda kusaidia.

Jambo hili linamhusu mkazi wa Majengo, hapa Dodoma, kama linavyomhusu mkazi wa Michenzani kule Unguja, kwa kuwa ulinzi ni suala la Muungano na Bunge la Jamhuri ndilo baraza pekee la wananchi lenye sauti juu yake. Kwa mtu wa Majengo wahusika wote sasa ni majirani. Ukumbi wa Bunge ni safari fupi ya bajaji kutoka sokoni, na wizara zimehamia Mtumba. Kila mwaka, wakati wa Bunge la bajeti, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa huomba fedha za mafungu matatu: Fungu 38 la Ngome, Fungu 39 la JKT na Fungu 57 la Wizara yenyewe. Sehemu ya fedha hizo ni ile kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, anayolipa mama anaponunua mche wa sabuni. Hotuba ya waziri huzitaja nchi ambako askari wetu wanalinda amani, na wabunge hupiga makofi wakistahili kupiga. Lakini kuitaja nchi hakutoshi kumweleza mwenye fedha kwa nini tuko huko, tuko wangapi, tutakaa hadi lini na kwa gharama gani. Ninalolitetea hapa ni hili: kila msaada wa kijeshi unaotoka Tanzania kwenda nchi nyingine, uwe wa askari, silaha, mafunzo au kambi, ufikishwe bungeni kwa maandishi unapoanza, na ufikishwe tena kwa taarifa kamili unapokwisha.

Sisemi tuache kusaidia. Mkoa wa Dodoma ungekuwa mahali pa mwisho pa kusema hivyo, maana Kongwa iko chini ya kilomita 100 mashariki mwa mji. Pale ambapo Waingereza walishindwa na kilimo chao cha karanga, mradi ulioanza 1947 na kufa 1951, serikali ya Nyerere iliwapa ardhi wapigania uhuru mwaka 1964. FRELIMO ya Msumbiji walifika, na Samora Machel akapewa jukumu la kuongoza mafunzo ya wapiganaji wake hapo. Baadaye wakawapo ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa Addis Ababa Mei 1963 na kupewa makao Dar es Salaam, ndiyo iliyoratibu fedha na silaha, ingawa nchi nyingi wanachama zilichelewesha michango yao mwaka hadi mwaka na mzigo ukaishia kwa mwenyeji. Watu wa Kongwa waliishi na wageni hao, wakauziana nao chakula, wengine wakazaa nao watoto ambao baba zao waliondoka vita vilipohamia kwingine. Ulikuwa msaada wa kijeshi mkubwa kupita uwezo wa nchi maskini, na ulileta uhuru kusini mwa Afrika. Naujivunia bila kusitasita.

Hata hivyo, msaada huo mwema ulikuwa na pande zake ambazo hakuna chombo cha wananchi kilichozipima wakati huo. Mei 1965 polisi wa Kenya waliukamata karibu na Kisii msafara wa malori 11 uliokuwa umebeba silaha za Kichina, tani zipatazo 75, ukitokea Tanzania kwenda Uganda bila idhini ya Nairobi. Jomo Kenyatta alikasirika, na Milton Obote alilazimika kwenda Nairobi mwenyewe kuomba radhi. Nchi tatu zilizokuwa zikizungumzia shirikisho zilitiliana shaka kwa sababu ya shehena ambayo watu wachache tu waliijua. Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1976 uongozi wa SWAPO uligombana na wanachama wake waliokuwa wakidai mkutano mkuu. Andreas Shipanga na wenzake walikamatwa Zambia, na mawakili walipoiomba mahakama ya huko iamuru waachiwe, walihamishiwa Tanzania, wakakaa katika magereza yetu bila kufunguliwa mashtaka hadi 1978. Anayempa mwenzake kambi na bunduki hujikuta pia ndani ya ugomvi wake, na sisi tulijikuta walinzi wa mahabusu wa watu ambao hawakuwa na kesi kwetu. Mbunge mmoja kuuliza hadharani pengine kungefupisha miaka yao.

Maelezo mapana ya kipindi hicho tumeyapata kwa kuchelewa mno. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi kuanzia 1972 hadi ilipovunjwa 1994, ametoa jina lake kwa mradi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) uliokusanya historia ya ukombozi katika vitabu tisa. Vilizinduliwa mwaka 2014. Ni kazi kubwa na ya heshima, ila ilifika nusu karne baada ya lori la kwanza kuingia Kongwa, na waliolipia wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Damu nayo inahitaji daftari.

Tuje karibu zaidi. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kushambulia waasi mashariki mwa Kongo, ikiwa na askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Mwishoni mwa mwaka huo waasi wa M23 walishindwa, na Watanzania wakapata sifa stahiki. Kisha ikaja tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni iliposhambuliwa kwa saa nyingi na askari wetu zaidi ya kumi wakauawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi, na mapema 2018 ukatangaza muhtasari wa ilichokiona: mafunzo yenye mapengo, uongozi na amri zenye kasoro, upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, na kwamba ujumbe mzima wa kulinda amani haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaokoa walinda amani wanaposhambuliwa. Isomeni tena sentensi hiyo kwa jicho la mzazi. Swali la nani atawaokoa vijana wetu wakizingirwa ni swali ambalo kamati ya Bunge ingeweza kuliuliza kabla ya kikosi kupanda ndege. Halihitaji digrii ya kijeshi, na jibu lake halimpi adui siri yoyote. Tuliambiwa na New York baada ya mazishi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa juzi tu, kwa sababu unatupa nchi mbili ndani ya operesheni moja. Desemba 2023 SADC ilipeleka mashariki mwa Kongo kikosi chake, SAMIDRC, chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, inamtaka Rais alieleze Bunge mara moja na kwa undani sababu za kutumia jeshi, mahali, idadi ya watu na muda. Kwa hiyo Februari 2024 Rais Cyril Ramaphosa aliliandikia Bunge la nchi yake kwamba anapeleka wanajeshi 2,900 hadi katikati ya Desemba mwaka huo, kwa gharama inayozidi randi bilioni 2. Barua hiyo ilikuwa ya wazi. Ilisomwa redioni, ilichambuliwa magazetini, na vyama vya upinzani viliuliza kama jeshi lina ndege za kutosha na kama askari watalindwa kutoka angani. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na wanajeshi 14 wa Afrika Kusini wakafa, waziri wao wa ulinzi alibanwa kwa maswali mbele ya wabunge, na kila aliyeuliza alikuwa na barua ya mwaka uliotangulia mkononi. JWTZ lilitangaza kwamba sisi tulipoteza askari wawili na wengine wanne walijeruhiwa. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC waliamua kuifunga operesheni. Mwananchi wa kawaida wa Tanzania angetaka kupima kama lengo lilifikiwa, angelipimia wapi? Wa Afrika Kusini alikuwa na karatasi yenye idadi, tarehe na fedha. Sheria yetu haimlazimishi yeyote kumwandikia karatasi kama hiyo.

Atakayepinga atasema: mbona barua hiyo haikuwaokoa wale 14? Ni kweli, haikuwaokoa. Maswali yaliulizwa na serikali ya Pretoria haikuyafanyia kazi ipasavyo. Ila kutokana na barua hiyo ilijulikana nani aliamua nini na lini, na kosa likawa na mwenyewe. Bila hilo hata kujifunza hakuwezekani, kwa sababu operesheni inayofuata inaanza upya kana kwamba iliyopita haikuwapo.

Majirani zetu wengine wametunga sheria na kuzijaribu, na matokeo yao yana mafunzo mchanganyiko. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje kulinda amani. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011 na Bunge likaombwa kuidhinisha kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika mwezi Desemba, askari wakiwa wamekwisha vuka. Ibara hiyo hiyo ndiyo Jaji Chacha Mwita aliyoitegemea Januari 2024 alipoamua kwamba Baraza la Usalama la Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi Haiti. Uganda nako, askari walikuwa Juba, Sudan Kusini, tangu Desemba 2013, na Bunge likajadili Januari 2014. Lakini Uganda ina somo zito kuliko hilo. Majeshi yake yalikuwa mashariki mwa Kongo kwa ridhaa ya Kinshasa, ridhaa ikaondolewa Agosti 1998, yenyewe yakabaki na kusonga mbele. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamuru ilipe fidia ya dola milioni 325. Walipaji wa deni hilo ni pamoja na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa jeshi lao lilipovuka mpaka. Nani alimuuliza baba yao mwaka 1998?

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la siri. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaziwekea kinga habari za ulinzi. Naikubali haja hiyo pale inapohusu njia atakayopita askari, aina ya redio anazotumia, saa ya kushambulia. Anayedai mambo hayo yatangazwe ana nia mbaya au hajui vita. Ila idadi ya jumla ya askari walio Kongo chini ya Umoja wa Mataifa hutangazwa na Umoja wa Mataifa wenyewe, nchi kwa nchi, na yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Adui anaijua, Kinshasa inaijua, Kigali inaijua. Itakuwaje iwe siri kwa aliyelipia? Na kwa yale ambayo kweli ni nyeti, ipo Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, inayoweza kukaa faragha.

Wengine watasema dharura haisubiri kikao. Machi 2008, Rais Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, askari wa Tanzania na Sudan walilisaidia jeshi la Komoro kumng'oa Kanali Mohamed Bacar kisiwani Anjouan, na kazi ile ilihitaji kasi. Sawa. Ibara ya 44 imekwisha tupa jibu: Rais anatenda kwanza, Bunge linaitwa ndani ya siku 14. Kama utaratibu huo unatosha kwa vita kamili, hauwezi kuwa mzito mno kwa msaada. Tena misaada mingi si ya dharura. SADC iliidhinisha SAMIDRC Mei 2023, miezi saba kabla askari hawajafika.

Yapo pia madai kwamba Umoja wa Mataifa hulipa, hivyo mlipakodi hana cha kuulizia. Umoja wa Mataifa hurudisha fedha kwa kila askari, na kiwango kilichowekwa 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi. Hilo linaongeza swali badala ya kuliondoa, maana fedha inayoingia inahitaji ukaguzi kama inayotoka. Na operesheni za SADC, ya Msumbiji kuanzia 2021 hadi 2024 na ile ya Kongo, hazikuwa za Umoja wa Mataifa. Zilitegemea kwa sehemu kubwa mifuko ya wanachama. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa ibara ya 143, ana wajibu wa kukagua hesabu zote za Serikali. Anaweza kukagua kama stakabadhi zinalingana. Hawezi kukagua kama lengo lilifikiwa ikiwa lengo halikuandikwa popote.

Hatari nyingine huja baada ya msaada kutolewa, nayo ni silaha kuhama mikono. Machi 2013 Baraza la Usalama lililegeza vikwazo ili serikali ya Somalia ipate silaha. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kwamba baadhi ya silaha hizo zilivuja hadi kwa watu wa Al-Shabaab. Marekani ina sheria inayokataza kuvisaidia vikosi vyenye ushahidi wa ukatili mkubwa, na ina maofisa wa kufuatilia silaha hadi kwa mtumiaji wa mwisho, na bado iliacha Afghanistan mwaka 2021 zana za thamani ya takriban dola bilioni 7. Na Septemba 2008 maharamia waliiteka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ya Kenya ilisema ni vyake, huku nyaraka za shehena zikiashiria mpokeaji ni serikali ya Sudan Kusini. Ilikuwa lazima maharamia wateke meli ndipo Wakenya wajue bandari yao inapitisha nini. Bandari ya Dar es Salaam na barabara kuu inayopita Dodoma kwenda magharibi hubeba mizigo ya nchi kadhaa, kwa hiyo swali la nani anathibitisha mpokeaji wa mwisho ni letu pia.

Limebaki pingamizi la waliokata tamaa, nalo husikika sana mitaani: Bunge lenye chama kimoja kikubwa litagonga muhuri tu, kwa hiyo kuna faida gani? Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Barua ikishasomwa bungeni inaingia katika kumbukumbu rasmi, na kumbukumbu haina chama. Mbunge wa chama tawala ambaye kijana wa jimboni kwake amerudi kwenye jeneza ataisoma kwa makini kuliko mpinzani yeyote. Waandishi wa habari wataitumia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wataiandikia tasnifu, na waziri wa miaka kumi ijayo atajua mtangulizi wake aliahidi nini.

Wala hatuhitaji kusubiri Katiba mpya. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali na vyombo vyake vyote, na jeshi ni mojawapo. Ibara ya 148 yenyewe inaanza kwa kusema kwamba madaraka ya Amiri Jeshi Mkuu hayaathiri masharti ya sheria itakayotungwa na Bunge. Mlango umeachwa wazi kwa makusudi. Muswada mfupi ungetosha: taarifa ya Rais kwa Spika ndani ya siku 14 tangu askari au silaha kuvuka mpaka kwa ajili ya kusaidia nchi nyingine, ikieleza sababu, idadi, muda, gharama, nani analipa na mpango wa kuwaokoa askari wakizingirwa, idhini mpya muda huo ukipita, taarifa ya mwisho ndani ya miezi sita baada ya kurejea, sehemu nyeti zikibaki kwenye kamati. Mbunge yeyote anaweza kuuwasilisha kama muswada binafsi, na wananchi wa Majengo wanaweza kumuuliza wao kama yuko tayari, kabla ya hotuba ijayo ya Fungu 38.